Kwanini mtu anaganda kwenye gemu la mtandaoni hata kama gemu lenyewe limeshamchosha?

dada_wa_mbagala:

Wakuu habari zenu, naombeni mnisaidie kuelewa hili jambo maana nikiuliza nyumbani kila mtu ananijibu kwa hasira. Nina mdogo wangu wa kiume yuko form five, kaja likizo, anacheza haya magemu ya risasi ya kwenye simu, alianzia Free Fire siku hizi kahamia Call of Duty Mobile. Kucheza sina neno nako. Kinachonichanganya ni kwamba juzi nimemsikia kwa masikio yangu anamwambia rafiki yake gemu limemchosha, ramani zilezile bunduki zilezile, ila ikigonga saa tatu usiku lazima awe hewani na efoni masikioni kisa "wana wananisubiri".

Hao wana hajawahi kuonana nao hata siku moja. Mmoja yuko Mwanza, mmoja Mombasa, mwingine Bujumbura. Na sio maneno tu, mmoja wao alifiwa na mama yake, basi dogo akachangisha rambirambi kwenye grupu lao la WhatsApp, watu wasiojuana sura wakatuma hela kwa simu na ikafika, na yeye mwenyewe akatoa kwenye hela yake ya matumizi ya shule. Nilibaki namwangalia tu. Mtaani kwetu kuna watu wanapakana ukuta na hawajuani majina.

Kwahiyo swali langu, kinachowashika ni nini hasa? Ni gemu, ni watu, au kuna kitu kingine sikioni? Tafadhali msinijibu "mnyang'anye simu", hiyo baba ameshaisema na anaitafutia siku. Nataka kuelewa kwanza ili nikiongea na baba niongee kitu ninachokijua.

---

Fundi_Redio:

Dada hongera kwa kuuliza kabla ya kuhukumu. Jibu langu kwa kifupi, gemu ni sababu ya kukutana tu, kinachomrudisha ni kwamba kuna sehemu akikosekana watu wanajua hayupo na wanaulizana yuko wapi. Kwa kijana wa umri ule hicho ni kitu kikubwa sana, shuleni yupo kwenye darasa la watu sitini nyumbani anatumwa dukani, kule ana cheo na kazi yake na watu wanategemea aifanye.

Ngoja nikupe mfano wa gemu nililocheza miaka mingi, linaitwa EVE Online, limetengenezwa na kampuni ya CCP ya Reykjavik kule Iceland na lipo hewani tangu 2003. Ni gemu la meli za angani, na tofauti yake na mengine ni kwamba wachezaji karibu wote wa dunia wapo kwenye ulimwengu mmoja, ukiacha China ambao wana seva yao (kompyuta kuu ya kuendeshea gemu). Ukilicheza peke yako linachosha mno, nakwambia ukweli, unachimba mawe ya angani unaangalia kioo nusu saa nzima hakuna kinachotokea. Ila wachezaji wameunda makampuni yao wenyewe na miungano yenye maelfu ya watu, humo kuna wahasibu, madereva wa mizigo, majasusi, watu wa kufundisha wageni, na mabalozi kabisa ambao kazi yao ni kuongea na muungano mwingine ili vita isitokee. Kampuni yenyewe haijamwajiri hata mmoja kati ya hao, ni watu wametoka makazini kwao wameoga wamekula wakakaa kufanya kazi nyingine bure, na wanaifanya kwa moyo.

Sasa mwezi Januari 2014 muungano mmoja malipo yao ya kumiliki eneo linaitwa B-R5RB hayakwenda, eneo likabaki halina mwenyewe, maadui wakaingia na wao wakarudi kulitetea. Ikawa vita ya karibu masaa 21 wachezaji zaidi ya 7,000 wakashiriki. Zile meli kubwa kuliko zote zinaitwa Titan zikaangamia 75, na Titan moja kuijenga ni jasho la watu wengi kwa wiki na wiki, hasara yote ukiipigia hesabu kwa hela halisi ilikadiriwa kwenye dola 300,000. Halafu kitu ambacho asiyecheza hakijui, seva ikizidiwa gemu linapunguza mwendo wa muda mpaka asilimia 10, yani jambo la sekunde moja unalisubiri sekunde kumi. Kwa mtu wa nje hiyo ni adhabu. Ila masikioni una voisi, kamanda anaita majina ya kupigwa, mtu anaimba, mtu anasema mkewe kaamka anamuuliza bado upo tu hapo. Utamu wote uko huko.

Na kwa habari ya rambirambi, kuna Mmarekani aliitwa Sean Smith, kazi yake halisi alikua mtu wa mawasiliano wizara yao ya mambo ya nje, ndani ya EVE akijulikana kwa jina la Vile Rat na alikua balozi wa muungano wa Goonswarm, mtu wa kusuluhisha. Aliuawa Benghazi kule Libya kwenye lile shambulio la 11 Septemba 2012. Wachezaji walibadilisha majina ya vituo vyao vya angani wakaweka jina lake, ukifungua ramani unaliona kila upande, na wakachangia familia yake hela za kweli. Kwahiyo alichofanya mdogo wako wala sio ajabu, watu wakishafanya kazi pamoja kila usiku wanakua ndugu, msiba wa mmoja unakua wa wote.

---

Mwana_wa_Kibokoni:

Mie wa Mombasa hapa, pengine ndie huyo anayecheza na nduguyo, nani ajuaye.

Nataka niongeze kitu kimoja ambacho wenzetu wa Ulaya hawakipati kama sisi, nacho ni lugha. Wengi wetu huku twacheza kwenye seva za Mashariki ya Kati au Ulaya, pingi, yani ule muda wa mtandao kwenda na kurudi, yapanda yashuka, waona adui ashakupiga kabla hujamwona, na kwenye voisi waskia Kiarabu, Kituruki, Kirusi. Wakaa hivyo wiki nzima kama bubu. Kisha usiku mmoja kwenye timu ya kubahatisha waskia mtu asema "oya nifunike nipo huku nyuma", wallahi raha yake haina mfano. Nilivyompata rafiki yangu wa Muscat ni hivyo hivyo, nyumbani kwao Kiswahili ni cha bibi yake, yeye hapati wa kuongea nae nje ya nyumba, sasa kila usiku twacheza lakini nusu ya muda twaongea tu, aniuliza maneno namfunza, nami aniambia habari za kwao. Mechi hata tukifungwa hakuna anayekasirika.

Halafu Mei 2024 zile nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipokatika pamoja intaneti ikawa ya kuvizia Kenya na Tanzania, kucheza hakukuwezekana kabisa. Grupu letu halikulala. Watu walikua watuma voisi ndogo ndogo usiku wa manane mtandao ukishusha pumzi, uko vipi, kwenu imerudi, wa Dar yaendaje. Gemu halikuwepo na watu walikuwepo. Hapo ndipo nilipojua jibu la swali lako dada, mie sihitaji mtu anieleze tena.

---

Mama_Wawili_Oslo:

Mdogo wangu wa Mbagala, mimi si mchezaji, nafanya kazi ya kuhudumia wagonjwa huku Norway, ila kuna habari ya huku ambayo kila mzazi anayetaka kunyang'anya simu nampa aisikie kwanza.

Kulikua na kijana anaitwa Mats Steen, wa hapa hapa Oslo, alizaliwa na ugonjwa wa misuli wa Duchenne. Ni ugonjwa wa watoto wa kiume zaidi, misuli inakwisha nguvu taratibu, mtoto anaanza kutembea vizuri halafu anaingia kwenye kiti cha magurudumu, mwishoni hata kupumua ni kwa mashine. Nimehudumia wenye hali hiyo kwahiyo nikiandika hivi naona sura. Mats alikua anashinda chumbani anacheza World of Warcraft, miaka na miaka, mikono yenyewe inasogea kidogo tu anatumia vifaa maalum. Wazazi wake walimpenda sana na walimwachia kwa sababu waliona hana raha nyingine, lakini moyoni waliumia, walijua mtoto wao anaondoka duniani bila kupata rafiki, bila kupenda, bila kuwa na faida kwa mtu yeyote. Baba yake amelisema hilo hadharani mara nyingi.

Alifariki Novemba 2014 akiwa na miaka 25. Alikua na blogu yake na alikua amewaachia nywila, baba yake akaingia akaandika kwamba Mats hatunaye tena akaweka na anuani ya barua pepe. Zikaanza kuingia barua. Moja, mbili, halafu zikawa nyingi, kutoka nchi mbalimbali za Ulaya, watu wazima wanalia kwenye maandishi. Ndani ya gemu alikua anaitwa Ibelin, yuko kwenye kikundi kinaitwa Starlight, na kule alikua anatembea, anakimbia, na sifa yake kubwa alikua msikilizaji, ukiwa na tatizo unamtafuta Ibelin. Kuna mama wa Denmark aliyekua hapatani na mwanae mwenye usonji, Mats akawashauri namna ya kuwa karibu kupitia gemu na uhusiano wao ukapona. Na kuna msichana wa Uholanzi (hapa ndo nataka baba yako asikie) wazazi wake walimnyang'anya kompyuta kwa sababu masomo yalishuka, akapotea kwa marafiki zake wote kwa mpigo mmoja, Mats akawaandikia wazazi wale barua kuwaeleza kwamba walichokiondoa ni marafiki wa mtoto. Watu wa kikundi kile walisafiri wakaja kwenye mazishi, wazazi wakawaona kwa macho.

Mimi kama mama ilinigusa kwa sababu wale wazazi walikua kwenye nyumba ile ile, mlango wa pili tu, na hawakujua. Wao walimwona kijana amekaa mbele ya kioo. Kioo ukikiangalia kwa nyuma huoni kitu.

Mwambie baba akae na kijana amuulize wale watu ni akina nani, majina yao, nani anamchekesha, nani anamuudhi. Swali la umemaliza kucheza mtoto anajibu ndio au bado basi.

---

Mwl_Kihonda:

Nimesoma yote na nakubali urafiki upo, lakini tusimpambe dada maua tu, mimi ni mwalimu wa sekondari na nawaona asubuhi wakiwa wamelala kwenye dawati.

Haya magemu yametengenezwa na watu wanaojua wanachokifanya. Kuna zawadi ya kuingia kila siku, ukikosa siku moja unaanza upya. Kuna pasi ya msimu ambayo ukishailipia inabidi ucheze mpaka uimalize la sivyo hela imepotea. Na kuna pointi za klani (kile kikundi chao cha wachezaji), yani usipocheza wewe wenzako wote wanashuka, sasa hapo kijana anacheza kwa sababu anaona haya kuwaangusha, gemu limechukua kitu kizuri cha binadamu, kule kuoneana haya, likakifanya kamba. Dada alivyosema mdogo wake amechoka na bado anaingia, mimi hapo masikio yalisimama. Kuna kusubiriwa kwa upendo na kuna kusubiriwa kwa deni, na mtoto wa miaka 17 hawezi kutenganisha hivyo viwili bila mtu mzima wa kumsaidia.

Serikali nyingine zimeshtuka. China tangu 2021 mwenye chini ya miaka 18 anaruhusiwa saa moja tu, saa mbili mpaka saa tatu usiku, Ijumaa Jumamosi Jumapili na sikukuu. Mimi sisemi tufike huko. Shirika la Afya Duniani nalo limeweka tatizo la kucheza magemu kwenye orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022, na wameeleza vizuri kwamba sio kila anayecheza sana ni mgonjwa. Wanaangalia kama mtu ameshindwa kujizuia, gemu limepita mambo mengine yote ya maisha, na anaendelea hata madhara yakionekana wazi, na kwa kawaida hali iwe imekaa kama mwaka mzima. Dada angalia hayo. Anakula? Analala? Matokeo ya shule yakoje? Wa kuchangisha rambirambi kwa mtazamo wangu bado yuko vizuri kichwani.

Na hela. Muulize skini anazonunua (yale mapambo ya ndani ya gemu) hela inatoka wapi.

---

Fundi_Redio:

Mwalimu heshima yako, la usingizi na la hela nakuunga mkono. Ila la kusema kampuni ndo imewafunga kamba nakupinga kidogo, kwa sababu tuna mfano wa gemu ambalo kampuni yenyewe ilikata kamba na watu hawakuondoka.

City of Heroes lilianza 2004, kila mtu anajitengenezea shujaa wake mwenye nguvu zake na nguo zake. Mwaka 2012 kampuni ya NCSoft ya Korea Kusini ikatangaza inalifunga. Wachezaji wakakusanyika ndani ya gemu, kwenye uwanja unaitwa Atlas Park, kila mmoja na shujaa wake kashika mwenge wa kupinga, na hawakusikilizwa, 30 Novemba 2012 seva zikazimwa. Zawadi za kila siku hakuna, pasi hakuna, pointi hakuna. Kwa hoja yako pale kila mtu alitakiwa aende nyumbani akaoe. Walichofanya ni kuendelea kutafutana, kuna waliokua wanalitunza kwa siri, 2019 siri ikavuja na seva za wachezaji wenyewe zikafunguka kwa kila mtu, mojawapo inaitwa Homecoming, inaendeshwa na watu wa kujitolea kwa michango. Na Januari 2024 NCSoft wenyewe wakawapa leseni rasmi. Miaka kumi na moja mwalimu, kamba gani hiyo inayoshika wakati mwenye kamba ameshaiachia?

Na ukirudi nyuma kabisa, moja ya magemu ya mwanzo ya watu wengi kucheza pamoja kwa kompyuta, MUD, lilitengenezwa chuo kikuu cha Essex Uingereza 1978 na wanafunzi wawili Roy Trubshaw na Richard Bartle, lilikua maandishi matupu. Hakuna picha hakuna sauti, unaandika "nenda kaskazini" unasoma kilichoko kaskazini, na watu walikua wanakesha. Huyu Bartle baadae, 1996, akaandika kwamba wachezaji ni wa aina nne, wa kutafuta mafanikio, wa kuchunguza dunia ya gemu, wa kukaa na watu, na wa kusumbua wenzao. Mi naona mtu anaweza kuanza aina moja akamalizia nyingine. Mdogo wako dada alianza kwa kutafuta renki (daraja la ushindani), renki imemchosha, sasa yupo kwa ajili ya watu. Wengi wetu tulipita hapo hapo.

---

Binti_Sniper:

Nimesubiri nione kama kuna mtu atataja wasichana, naona kimya, acha niseme.

Mi napenda gemu langu na napenda klani yangu ila kufika hapa nimepita kwenye matusi ambayo siwezi kuyaandika. Ukiwasha maiki tu wakisikia sauti ya kike mechi imeisha, mmoja anatongoza mwingine anatukana, ukifa mara moja wanasema rudi jikoni. Nilikaa muda mrefu nimezima maiki nacheza kama mwanaume, jina la kiume picha ya kiume, na hapo ndo utaona ukweli wa haya mambo, kwa sababu gemu lilikua lilelile, nilikua nashinda sana, na sikua na raha hata kidogo. Nikafuta. Nilirudi baada ya mdada mmoja wa Nakuru kuniongeza kwenye grupu la wadada watupu wanaocheza, hapo nikawasha maiki kwa mara ya kwanza bila tumbo kukaza. Ni kucheka tu. Kuna mmoja ananyonyesha huku anacheza, mtoto akilia tunasikia wote tunasema sniper mdogo kaamka.

Kwahiyo mi sitasema jamii za magemu ni nzuri au mbaya kwa ujumla, inategemea nani ni admini. Namaanisha kabisa. Klani yenye admini anayemwambia mtu hapana hayo maneno hatutaki hapa, hiyo watu wanakaa miaka. Klani ambayo admini nae anacheka tusi likitokea, wasichana wanaondoka kwanza, halafu wadogo, halafu wastaarabu, wanabaki wanaotukanana wenyewe kwa wenyewe mpaka linakufa. Nimeona yakifa hivyo. Hata makampuni yamejua hilo, League of Legends tangu 2012 wana mfumo wa kumpa heshima mwenzako baada ya mechi akicheza kistaarabu.

Dada muulize mdogo wako kwenye klani yao kuna wasichana? Wanaongea nao vipi? Jibu lake litakwambia amekaa na watu gani.

---

dada_wa_mbagala:

Jamani asanteni sana, mpaka nimesoma mara mbili mbili. Mama wa Oslo ile habari nimemsomea mama, amenyamaza muda mrefu halafu akaniuliza, kwahiyo huyu wetu nae huko anaitwaje? Hatukua tunajua. Tumemuita akaja kwa wasiwasi akidhani ni kesi, akatuambia jina lake la kule, na kazi yake kwenye klani ni kupanga ratiba, yani anapiga hesabu nani anatoka kazini saa ngapi, Bujumbura wako nyuma yetu saa moja, wa Mwanza anafunga duka saa mbili, anatafuta muda ambao wote wanaweza. Huyu huyu ambaye hapa ndani kufua soksi anasukumwa. Wasichana wapo wawili, anasema mmoja ndo kamanda wao na ni mkali.

Mwalimu yako pia nimeyachukua. Usingizi ndo tatizo kweli, wanaanza saa tatu ila saa saba usiku nasikia bado anaongea. Hela ya skini anasema ananunua kwa vocha anazobakiza, hiyo bado sijaridhika nayo.

Nina maswali mawili ya mwisho. La kwanza namkataza vipi kukesha bila kumfanya aonekane kawatupa wenzake, maana nimeelewa sasa kwamba ndo kinachomuuma. La pili, anataka kwenda Mwanza Desemba kuonana na hao wana. Baba hajui bado.

---

Mwl_Kihonda:

La kwanza umejijibu mwenyewe dada, kijana ndo mpanga ratiba. Mwambie aiweke saa ya mwisho kwenye ratiba ya klani nzima, saa tano kwa mfano, kama kanuni ya wote. Nina uhakika huko kuna wengine wanaoamka alfajiri kwenda kazini na wanaona aibu kuwa wa kwanza kuaga. Akiipendekeza yeye anawasaidia wote na hajamtupa mtu. Mkimzimia nyie mtandao saa tano katikati ya mechi mmemdhalilisha mbele ya watu wake na mtagombana mwezi mzima. Mechi za renki haziwezi kusimamishwa katikati, mpeni taarifa kabla hajaanza mechi ya mwisho.

---

Binti_Sniper:

La Mwanza. Tulikutana wadada wa grupu letu Moshi mwaka jana kwahiyo nakwambia tulivyofanya. Kwanza simu ya video kabla, zaidi ya mara moja, uso uonekane na mazingira yaonekane, anayesema kamera yangu mbovu miezi yote huyo hapana. Mzazi mmoja aongee na mzazi mwingine kwa simu, kwetu ilikua lazima kwa waliokua chini ya miaka 18. Mkutane sehemu ya watu mchana, na huyo wa duka Mwanza si ana duka? Kama una ndugu au rafiki Mwanza mtume apite dukani kununua vocha amwone mtu kwa macho. Asiende peke yake, nenda nae wewe. Na asimtumie mtu yeyote nauli "ya kushikilia nafasi", wala namba za siri zinazoingia kwa meseji, wala akaunti yake ya gemu hata kwa dakika tano, hapo ndo watu wengi wanalizwa na mara nyingi mwizi ni mtu mpya aliyeingia klani mwezi huo huo, wa siku nyingi sio.

Halafu mwambie baba mapema dada. Akija kusikia Desemba begi limeshafungwa hata mi sitaweza kukutetea.

---

Mwana_wa_Kibokoni:

Na yule wa Mombasa naye aja Mwanza? Muulize jina lake la kwenye gemu, anijibu hapa.